Koroma na Koma

Mara ya kwanza nilihesabu kwa kucheza.
Famau amekoroma mpaka mbu wamehama,
kisha ghafla kimya. Moja, mbili, tatu…
nikafika kumi na tisa
ndipo akazibuka kama mtu aliyeopolewa kisimani,
akageuka, akaendelea kupasua mbao.

Nilicheka. Nilikuwa mke wa miezi mitatu.

Sasa nina miaka kumi na mmoja hapa Langoni
na hesabu yangu imefika arubaini na nne.
Bi Mwanalima, ukuta wake ndio wetu,
hugonga kwa mchi akoromapo.
Hajui kwamba akoromapo mimi hupumzika.
Ni pale anaponyamaza
ndipo nami huzuia pumzi, kidole juu ya mdomo wake,
nikisubiri upepo urudi nyumbani.

Mchana analipa yeye.
Famau hushona kofia za mkono, matobo
madogo kama jicho la dagaa.
Siku hizi sindano humponyoka katikati ya tobo,
kidevu kifuani, uzi mdomoni.
Kofia ya yule bwana wa Shela ilirudishwa:
ua la kushoto limepotoka
kama njia ya mlevi, mwenyewe alisema,
na Famau hajapata kuonja hata tembo tamu.
Ijumaa alimlalia bega mtu asiyemjua,
hotuba ikiendelea.
Barazani wakampa jina, Bwana Shibe.
Mwanetu Shekuwe akarudi madrasa na jina hilo
na mdomo uliopasuka.

Mamake alisema jinamizi.
Tukafukiza ubani hata paka wakakimbia.
Usiku ule nilihesabu thelathini na nane.

Nikaiweka simu chini ya mto, inase.
Hospitalini, Dakta Dhadho, kijana wa Garsen,
aliitega sikioni, akatabasamu kama wote
pale penye kishindo.
Nikamwambia, usisikilize hapo.
Ngoja kidogo.
Kikaja kimya.
Tabasamu likamshuka polepole,
saa ya ukutani ikabaki kusema peke yake,
na Famau, kofia mapajani,
akawa anajisikiliza asivyokuwapo.

"Huyu ni mimi?"
"Ni wewe."
"Muda wote huu mimi niko wapi?"
Sikuwa na jibu. Mimi nilikuwapo.

Nyama za koo hulegea, daktari alieleza,
njia ikazibika, mwili ukamzindua kumwokoa,
mara mia kwa usiku mmoja, asijue.
Si uvivu, akasema. Huyu hajalala tangu lini.
Iko mashine, lakini hadi Mombasa,
na bei yake, aliitaja akitazama dirishani.
Kwa sasa apunguze mwili, na asilale chali.

Basi Famau akatwaa fulana kuukuu,
akashona mfuko mgongoni, kati ya mabega,
kwa yale matobo yake mazuri ya zamani,
akatia koma moja gumu aliloliokota Shekuwe.
Akilala chali linamchoma, anarudi ubavuni.
"Koroma," nikamwambia, "limepata dawa yake. Koma!"
Alicheka hata akakohoa.

Jana nilihesabu kumi na moja. Kisha tisa.
Kisha sikupata cha kuhesabu,
pumzi tu, inakwenda, inarudi,
kama mtu anayefagia ua bila haraka.
Asubuhi Bi Mwanalima akaniuliza kama tulisafiri.

Na mimi?
Niko macho.
Miaka kumi na mmoja nimelinda zamu,
hajaja mtu kuniambia nimepokewa.
Punda wa mwisho wamepita, taa ya msikiti imezimwa,
Famau amelala kama mwana aliyenyonya,
na kidole changu, chenyewe,
kinapanda tena juu ya mdomo wake.